Tumbawe la Burhani

Xiaobei, Guangzhou
29 Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Assalam alaykum. Nakushika miguu kutoka huku mbali. Mgongo unaendeleaje, na mwani umekubali msimu huu? Mimi mwili ni mzima. Moyo siuelezi, Mama, wako ndio huo huo.

Leo ni siku ya ishirini na sita ya eda yangu. Nimo ndani, ghorofa ya nane. Hafidh, rafiki yake Burhani, na mkewe Ilham ndio wanaoniletea chakula. Wenzake wa ofisini, jengo la Tianxiu, wamemsomea hitma. Hawajaniacha.

Kuna jambo la mwanao Burhani sikuwahi kukwambia. Alinunua tangi la kioo, refu kama msala, akalijaza maji ya chumvi aliyoyachanganya mwenyewe. Ndani akaweka mawe yaliyotolewa baharini na vijidudu vyake vyote, na juu ya mawe akapandikiza matumbawe hai. Akirudi kutoka soko la Guangyuan Xilu amechoka na mabelo ya nguo, hali mpaka ayatazame. Lipo moja la matawi, la kahawia, ncha zake zambarau. Alilileta siku tano kabla ya kifo chake. Alisema, "Hili likishika tu, namleta Mama alione."

Halikushika. Kila siku naliinua, naliegemeza, pampu ikisukuma maji linalala kifudifudi tena. Kila likianguka tawi jingine linageuka jeupe, na weupe ndio kufa kwake. Mama, wewe umekulia miambani. Nilisimamisheje? Hiki ndicho kitu pekee alichokiacha bila kukimaliza.

Mwanao,
Swalha


Paje
21 Aprili 1998

Mwanangu Swalha,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeletewa na mke wa Othman. Nimeisoma mwenyewe; ile skuli ya watu wazima imenifaa. Mgongo ni ule ule. Mwani unaoza kwenye kamba kwa joto, lakini tunaishi.

Mawe ndani ya kioo! Nilicheka, kisha nikalia. Alipokuwa na miaka sita alitia jiwe la pwani kwenye ndoo yangu ya maji, akalifunika kwa kanga yangu ya kuendea harusini, eti lisisikie baridi. Siku ya tatu nyumba nzima ilinuka. Nilimzaba kibao.

Sasa sikiliza. Mawe hayo yana utelezi, na juu ya utelezi hakishiki kitu. Pasugue mpaka pakwaruze. Usiliweke mgongoni mwa jiwe. Litafutie mwanya, kama mimi ninavyokitafutia kigingi cha mwani. Lijaribu kwanza bila gundi. Likikaa bila gundi, na gundi litakaa. Na ulitazame vizuri: kila tumbawe lina uso. Upande uliofifia ulikuwa chini, haukuona jua. Upande mnene ndio uliokuwa ukipigwa na maji. Ukiliweka kinyume na lilivyozoea, litakushinda.

Nilipoandika hilo la uso nimekumbuka jambo ambalo kwenye simu sikuweza kuuliza kwa kilio. Mwanangu mlimlaza ameelekea wapi?

Mama yako


Guangzhou
17 Mei 1998

Mama yangu,

Assalam alaykum. Natumai mgongo umepoa, na masika hayajakuharibia mwani. Mimi nala, nalala kidogo.

Mama, limesimama! Kumbe alikuwa ameligeuza uso kwenye kioo, maskini, ili sisi tulione. Nilizima pampu. Nilisugua jiwe kwa mswaki wake wa zamani, sikuwa nimeutupa. Nikapata mwanya, nikalijaribu mara nne bila gundi. Laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye duka huku, yule mzee wa samaki aliyemuuzia, alimpa Hafidh gundi ya kukanda, kipande cheusi na cheupe, unakanda kama unga wa chapati mpaka rangi iwe moja. Akatuma na maelezo: kikaushe kitako cha tumbawe kwa karatasi, paka gundi ya tyubu, bandika donge, paka tena juu ya donge, ndipo ulizamishe na kulikandamiza huku ukilizungusha kidogo.

Nikalishikilia ndani ya maji, sitaki kuliachia. Ilham akaniambia, "Shoga, hebu legeza, hilo si mwizi wa kuku!" Nilicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Mkono ulipokufa ganzi nikaliachia. Halikuanguka. Nikawasha pampu. Halikuanguka.

Umeniuliza alivyolazwa. Mimi sikuwepo, ila Hafidh, aliyeshuka kaburini, amenihakikishia: ubavu wa kulia, uso magharibi.

Mwanao,
Swalha


Paje
9 Juni 1998

Swalha,

Kibla ni kaskazini. Nimewazika wazazi wangu, mume wangu na mapacha wangu wawili, wote uso kaskazini. Mwanangu mmemwelekeza linakotua jua. Jiwe umelijaribu mara nne ulipatie upande wake. Yeye hamkumuulizia hata mara moja.

Usiniandikie mpaka ametengenezwa.

Mama Burhani


Guangzhou
14 Julai 1998

Mama,

Assalam alaykum. Ulinikataza kuandika, nami nilinyamaza mpaka eda ikaisha, Alhamisi iliyopita. Nakuomba usome hata kama umekasirika.

Nilipotoka nje mara ya kwanza nilikwenda kwake. Nilichukua ile dira ya kibla aliyokuwa akisafiri nayo, nikaiweka juu ya kaburi. Ikaonyesha magharibi. Mzee wa msikiti, Mchina mwenye kofia nyeupe, akanionyesha makaburi ya kale ya watu wao. Yote yamelala vivyo hivyo. Mama, nyumbani tuko kusini ya Makka, ndiyo maana tunatazama kaskazini. Huku tuko mashariki yake. Wewe ukisimama kuswali Paje, naye akilala huku, nyuso zenu zinakutana mahali pamoja. Kosa ni langu. Niliandika "magharibi" tu bila kueleza, kana kwamba na wewe ulikuwa umesimama huku.

Tumbawe limeshika. Ngozi yake imeteremka ikafunika gundi, na ukingoni imeanza kutambaa juu ya jiwe lenyewe. Nilitamani nije nalo, lakini kulibandua sasa ni kulivunja. Nimempa laoban pamoja na jiwe lake. Alilichukua ndani ya ndoo, akaifunika kwa koti lake.

Narudi tarehe ishirini Agosti. Mlango wako bado ni wangu?

Mwanao,
Swalha


Paje
2 Agosti 1998

Mwanangu Swalha,

Waalaykum salaam. U mzima? Unakula vizuri? Mgongo leo umenihurumia.

Barua yako ilikaa chini ya mto siku mbili, sikuifungua. Nilipoisoma nikaipeleka kwa Maalim Haidar. Akachukua chungwa, akachora juu yake kwa kalamu ya wino. "Bi Mwanahija, wewe upo hapa. Mwanao yupo hapa. Makka ile pale." Nililitazama mpaka akaniambia, "Basi nenda nalo." Limenyauka sasa, sijalitupa.

Nilikuonea, mwanangu. Nilikuandikia kama kwamba nimefiwa peke yangu. Chumba chake nimekipaka chokaa. Habari ya mlango usiulize tena; nitakuja mwenyewe bandarini kukupokea.

Kabla hujaondoka, pita kwa yule mzee ulitazame tumbawe kwa macho yangu, kwa kuwa alitaka nilione. Kisha pita kaburini kwa mwanangu. Mwambie ile ndoo na ile kanga nilizisamehe zamani, na kibao kile anisamehe yeye. Mwambie kila nikitandika msala naelekea anakoelekea yeye. Nikumbuke kwake, Swalha, naye mwambie anikumbuke.

Mama yako