Uduvi wa Ziwa Lililokauka

Athman, mume wangu,

Ziwa limejaa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya hali yangu, na wala nisingelikasirika.

Ulipoondoka lilikuwa kavu, ardhi imepasukapasuka. Unakumbuka mara ya mwisho tulipokwenda pamoja? Ulivunja kipande cha tope, ukakisaga kiganjani, ukanionyesha vumbi. "Humu muna mayai ya uduvi, Mwanaidi. Yua halitayamaliza. Yangoja mai tu." Mimi niliona vumbi, si mayai ya kustahimili jua na kungoja maji. Nikakwambia twende zetu, wali unapoa. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Nikiwa bado ndani ya eda yako, binti yetu Rukia aliniletea habari: wazee wamesema ziwa limekufa, wamekubaliana lifukiwe, pajengwe maduka. Wenye punda walikuwa wameshaanza kushusha kifusi. Nilikasirika, na kutoka siwezi. Nikamtuma Rukia kwa Bwana Omari, mzee wa kijiji, amwombe asubiri nimalize eda. Akasubiri, Mola amlipe kheri. Alikuheshimu sana.

Siku niliyotoka nilikwenda ziwani kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Nikachimba tope kavu, nikalitia kwenye beseni jeupe, nikaliweka barazani petu, wanapopita watu wote. Nikalimwagia maji ya mvua yaliyobaki chini kabisa ya jabia letu la kukingia mvua. Kisha nikawaita wazee, nikawaeleza ulivyokuwa ukiwaeleza wanafunzi wako: kwamba ziwa likikauka uduvi hufa, lakini mayai yao, yenye ganda gumu, hubaki topeni yamelala, hata kwa miaka, na mvua ikija huanguliwa.

"Bi Mwanaidi," akasema Bwana Omari kwa upole, "tope ni tope." Lakini akanipa mpaka Ijumaa.

Kesho yake, hakuna kitu. Maji na matope, basi. Athman, nililia. Niliogopa watasema mwalimu alikuwa akiwafundisha watoto wao ndoto, nawe hupo ujitetee.

Asubuhi iliyofuata Rukia akapiga ukelele. Nikatoka mbio bila viatu. Vinukta! Vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinarukaruka majini. Hai, wallahi, hai!

Ijumaa watu walitoka msikitini wakaja moja kwa moja barazani. Bwana Omari alilala kifudifudi sakafuni, kofia imemwanguka, pua karibu iguse maji. "Subhanallah," akasema. "Hawa walikuwa wapi?" Alipoinuka aliwageukia wenye punda: "Ondoani kifusi chenu. Nti hii haiyafa." Aliposema nchi haijafa, ungelisikia vigelegele, Athman! Hata waliotaka maduka walikuwa wakicheka.

Kisha masika yakashuka. Uduvi wamekua, wanaogelea chali kama ulivyosema, majike wamebeba vifuko vya mayai. Ndege yangeyange wamerudi, ng'ombe wanakunywa. Uliniambia pia kwamba si mayai yote huanguliwa kwa mvua ya kwanza, mengine hubaki yakilala, endapo mvua hiyo itadanganya. Nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu. Nikaliacha lile beseni likauke kabisa juani, nikatia maji upya. Wakatoka wengine! Nilicheka peke yangu uani kama mwendawazimu.

Sasa watu wa kijiji cha upande wa pili wa kisiwa wameniita. Nao wana ziwa linalokauka kila kiangazi, nao wanataka kulifukia. Mimi, niliyekuwa nikiona haya kusema hata mbele ya ndugu zako, naondoka kesho na Rukia.

Lala kwa amani, baba Rukia. Mola akunawirishie kaburi lako. Nakuahidi nitasimama mbele yao wote, nitaeleza kila kitu kwa sauti, na wakiniuliza nimeyasoma wapi haya, nitawatajia jina lako.

Mkeo,
Mwanaidi