Jina Nililoliruka Kwenye Sala

Mwanangu,

Chakula kipo jikoni, kipashe moto. Dawa ya presha nimemeza, usinipigie kuuliza. Nimetoka kutembea, kama nesi alivyoniagiza tangu chuo kiliponinyima nafasi ya shahada ya uzamili nikawa nashinda kitandani.

Asubuhi kwenye sala nilimtaja kila mtu wa nyumba hii, hata paka, nikaliruka jina lako. ~~Nilisahau.~~ Sikusahau. Chuo kilekile kimekuchukua wewe, unayesoma huku unachekacheka na simu, kikaniacha mimi niliyehangaika na madarasa ya jioni. Nilikuonea kijicho, na Mungu alikuwa anatazama.

Mvua ikija, anua nguo.

Jioni tukisali nitajaribu tena kukutaja. Ulimi ukikwama, nishike mkono, ila usicheke.

Mama yako