Mama, Usilale Chini ya Ile Kona

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi nje, si ndani. Mimi mwanao Nyaga ni mzima. Nimenenepa shavu moja, la pili bado linatafuta chakula. Huku Qatar naendesha gari linaloongea. Nikisinzia linanikemea kama wewe. Bosi wangu haendi popote bila mimi, hata kwa daktari wake mimi ndiye nampeleka na mimi ndiye nampa moyo.

Nimeandika kwa sababu simu unaikata. Barua haikatiki. Nimempa Mutugi, yule jirani yetu wa Ishiara anayekuja likizo, na shemeji Ireri atakusomea. Ireri, soma yote, usiruke.

Mama, ile karavani ya kukunja, nyumba ya kuvutwa na gari, niliachiwa na mzungu wa Ruiri nikiwa fundi wake, na ilikuwa imezeeka tayari. Nilipoiweka hapo bomani ulale ndani mpaka nyumba ya mawe isimame, nilijisifu soko zima: mama yangu analala kwa nyumba inayofunguka kama mwavuli! Zungusha mpini, paa linapanda lenyewe. Ni kweli. Lakini hilo paa lilitengenezwa libebe upepo na ndege wawili, basi.

Wewe ukaona ni bapa, ni safi, ukaanika ndengu za mavuno juu yake. Mbuzi walipokuja ukazungusha mpini ndengu zikiwa huko juu, wasizifikie. Hiyo akili hata mzungu hakuwa nayo! Nilicheka mpaka bosi akauliza ni nani amezaa. Halafu Ireri akanionyesha kwa video, nikaacha kucheka.

Kona tatu ziko sawa, ile ya mlangoni imepiga magoti. Zingeshuka zote nne, ningesema ni waya mkubwa unaoinua paa umelegea. Kona moja ni nguzo yake. Ule mrija wa chuma unaoingia ndani ya mwingine, kama antena ya redio ya marehemu baba, umepinda, na springi inayousukuma imejikunja humo ndani. Nilimwambia Ireri apapase. Akasema, "Shemeji, upande huu kidole kinaingia. Upande ule hata wembe hauingii." Basi, nikajua ugonjwa nikiwa ng'ambo. Lakini daktari wa simu hana mikono. Hapa nina spana za kila saizi na hakuna hata moja inayofika Ishiara.

Jumapili ukaniambia kwa simu, "Niko kwa mama yako mdogo, nalala huku wiki yote." Nikasikia kwiii, halafu turubai la karavani pap, pap.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ni kuku."

"Kuku gani analia kama chuma?"

"Wewe Nyaga, uko huko kwa Waarabu unasikia kuku kuliko mimi niliye naye?"

Ukakata.

Mama, hiyo sauti naijua. Ni nguzo inateleza kidogo kidogo, na wewe ulikuwa chini yake. Mvua ikija, maji yatakusanyika hapo hapo palipoinama. Tangu hiyo Jumapili chakula nakiangalia tu.

Ireri aliniambia sababu. Sokoni wanasema, "Nyumba ya Nyaga imeokoka, siku hizi inasali," nawe hutaki waseme mwanao alikuletea nyumba isiyolalika. Waache waseme. Hao ni mimi niliwafundisha kucheka. Kicheko hakijawahi kumwangukia mtu kichwani.

Ireri, mpini usiguse. Usipandishe, usishushe. Mtoe mama kwanza, umpeleke kwa mama mdogo, hata kama ni kumbeba akikupiga. Kisha kata miti minne ya nguvu, isimamishe kwa kila kona ukiwa nje, upigilie misumari. Najua maana yake. Ikipigiliwa haikunjiki tena, mwavuli wangu umekufa. Itakuwa kibanda cha ndengu kama vibanda vyote vya kwetu Mbeere. Iwe.

Nisalimie dada yangu, mke wa Ireri, na yule mzee wa kanisa anayekuletea maji. Mama mdogo mwambie pole, kuku wake wamesingiziwa.

Jumapili nitapiga. Sitauliza uko wapi. Nitanyamaza tu nisikilize. Nikisikia kuku wa kweli, siku hiyo nitakula.

Ni mimi mwanao, mdomo mrefu, mkono mfupi,
Nyaga