Sehemu ya Nne ya Mlio

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Makere. Vumbi, moshi wa mashamba, pua imeziba. Shadia amekuja na laptopu yake — yule binti wa Tanga anayesomea sokwe. Shikamoo Mama Godson, kisha moja kwa moja kazini. Vinasa sauti vyake vimefungwa mitini tangu Mei. Mpaka sasa ni ndege, nyani na misumeno. Sokwe hakuna hata mmoja! Wikiendi hii anatuma ripoti. Kama sokwe hakuna, mitambo inang'olewa, na msitu huu hautafuatiliwa tena na mtu. Anataka masikio yangu kwa sababu niliwafuata sokwe wa huku miaka tisa. Nimemwambia masikio yapo, magoti ndiyo yameaga.

Jumanne, 5 Agosti

Kutwa kusikiliza. Hakuna kitu.

Nimeikumbuka kazi yetu. Mimi na daftari, Pasikali, yule kijana Mrundi wa kambi ya wakimbizi, mbele na panga. Alfajiri tunakaa chini ya viota tukisubiri sokwe waamke wakojoe. Mkojo tunaunyonya kwenye majani kwa bomba la sindano, unakwenda maabara kujua nani ana mimba, nani anaumwa. Siku moja wote ulimwagikia kichwa cha Pasikali. Alicheka mpaka pumzi ikamwishia, maana kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Madume vijana walikuwa wakimwamkia mkubwa wao kwa kuinama na kuguna, wanarudia na kurudia. Pasikali akasema hawa ni Waha kama nyinyi, salamu haiishi. Nilimpiga kwa daftari. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Mungu wangu, zile siku nazitamani!

Jumatano, 6 Agosti

Nimemsikia.

Tarehe 29 Julai, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kinasa cha kwenye mkuyu. Shadia karuka kwenye kiti. Mlio wa sokwe dume una sehemu nne. Unaanza chini, hoo, hoo. Unapanda, sauti inatoka akivuta pumzi na akiitoa. Unapasuka kuwa ukelele. Kisha unashuka taratibu mpaka unakwisha. Huu ulikuwa na tatu tu. Ukelele — halafu kimya. Shadia akasema labda betri. Betri gani, na ndege wanaendelea kuimba?

Ni Pasikali.

Alikuwa akimwigiza Mjumbe, dume letu kubwa, mpaka Mjumbe mwenyewe anajibu. Lakini kwenye ukelele pumzi ilimwishia, kila mara. Sehemu ya nne nilikuwa nammalizia mimi, kutoka upande wa pili wa bonde. Ndivyo tulivyotafutana msituni. Yeye tatu, mimi moja.

Shadia akaniangalia. "Mama Godson, ni sokwe?"

Nikasema ndiyo. Mdomo umeniwahi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ugali umenishinda. Nimemdanganya binti wa watu! Nikisema kweli, mitambo inaondoka, na mimi naonekana mama mzima anayesikia mapenzi kwenye laptopu. Nikinyamaza, ripoti ya uongo inakwenda, na jina langu ndani yake.

Kambi ya wakimbizi ilipofungwa, mama yake Pasikali alirudishwa Burundi. Bibi mzee, haoni vizuri. Pasikali angemwachaje? Tuliagana chini ya mkuyu, tumekaa kwenye lile jiwe letu. Akasema nikirudi sitapiga hodi kwenu, nitaita kutoka huku, ukinimalizia nitajua bado unanitaka. Kwao sokwe ni impundu, na vigelegele vya harusi navyo ni impundu. Akasema siku utakayonimalizia mbele ya watu, hiyo ndiyo harusi yetu. Nilicheka, mjinga mimi, nikidhani ni utani.

Nilimsubiri misimu minne ya mvua. Kila Jumapili baada ya misa napanda mkuyuni. Nikasema ameoa. Nikasema amekufa. Kisha akaja Longinus, mwalimu, mtu wa adabu zake. Akanipa Godson. Sikujuta, na nilipomzika Longinus mwaka juzi nililia kweli. Lakini mkuyuni sikurudi tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye maonesho, sisi tuko kwenye hedifoni. Ameita tena tarehe mosi, na tarehe tatu, saa ile ile. Sehemu tatu, kisha kimya kirefu. Mara ya mwisho anakohoa kidogo. Anaumwa? Na kwa nini asije nyumbani? Labda ameambiwa niliolewa. Hawezi kupiga hodi kwa mke wa mtu, hajui kwamba mume hayupo tena.

Shadia hatumi ripoti mpaka aone kinyesi au kiota. Kesho mkuyuni. Nimesingizia magoti. Ego, ndiyo mama, kasema — Kiha chake cha kuokoteza! — nitakushika mkono.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika hapa hapa, daftari gotini. Tumefika bado giza giza, sasa kumepambazuka. Kinyesi hakuna. Kiota hakuna. Kuna jiwe letu, limefagiliwa, halina hata jani. Shadia hajaliona, nimelikalia.

Ameshika kinasa, taa nyekundu inawaka. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo nimwambie.

Ameita!

Ng'ambo ya bonde. Chini, kupanda, ukelele. Sauti imezeeka, inakwaruza, lakini ni yeye. Ni yeye.

Kimya.

Shadia analia kwa furaha, maskini. Ananinong'oneza sikioni: "Mbona hamalizii?"

Hamalizii kwa sababu sehemu ya nne si yake, ni yangu. Nikiitikia, Shadia atajua papo hapo, na kinasa kitakuwa kimeshika yote. Msitu utabaki bila wa kuusikiliza. Nisipoitikia, yule ng'ambo atainuka ajipanguse, arudi alikotoka, safari hii moja kwa moja.

Bado kimya. Amekohoa.

Shadia, mwanangu, unisamehe. Naweka kalamu chini, nahitaji pumzi yote.