Ulivyobaki Umekaa Mbele ya Ubao

Dubna,
9 Novemba 1969

Mpendwa Mjomba Venya,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia na baridi ya Novosibirsk haijaanza kukutesa. Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua, ila bado anakazana kutia kabichi chumvi kwenye pipa.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama jina lako litakuwemo kwenye makala yangu mpya. Nitakujibu, ila kwanza acha nitoe la moyoni, maana nimelibeba tangu Machi.

Ni wewe uliyenifundisha, Mjomba, hapa hapa jikoni tukikunja pelmeni, vile vifuko vya unga vyenye nyama. Ukasema protoni ndani ina vijichembe vitatu viitwavyo kwaki, na pioni, chembe nyepesi kuliko protoni, ina viwili, yaani kwaki na kinyume chake. Zikigongana kwa kasi kubwa, kila kwaki hujigongea kivyake. Kwa hiyo pioni huigonga protoni kwa theluthi mbili tu ya vile protoni zinavyogongana zenyewe. Nilicheka kwa furaha, jambo gumu hivyo kuwa jepesi hivyo. Tukalipigia hesabu pamoja majira yote ya baridi.

Kisha ukaja kwenye semina yangu ya Machi. Desturi yetu unaijua: msemaji akibanwa, aliyefanya naye kazi huinuka akachukua chaki. Nami nilibanwa kweli kweli. Profesa Lukyan akaniuliza, "Binti, hizo kwaki umeziona wapi, sokoni?" Ukumbi ukaangua kicheko. Akakugeukia: "Veniamin Markovich, na wewe umo?"

Ukasema, "Aa, mimi nilikuwa namchangamsha mtoto tu." Ukabaki umekaa.

Mtoto, mbele ya watu wote wanaonipa kazi. Uliniuza, Mjomba. Angekuwa mtu baki ningeshasahau. Utetezi wa tasnifu yangu ukafutwa wiki ileile, nikawekwa kukagua picha za majaribio ya wenzangu.

Sasa vipimo vipya vimetoka, na uwiano unakaribia theluthi mbili. Tasnifu imerudishwa mezani. Lukyan huyohuyo ananiita mwenzake. Na wewe ghafla umekumbuka kwamba hesabu zilikuwa zetu.

Jina lako nimeliandika, tena kabla ya langu. Wazo lilikuwa lako, na mimi si mwizi. Mwaka mpya ukija, Mama atakutandikia kitanda kama kawaida. Mimi nitalala kwa rafiki mpaka uondoke.

Msalimie mkeo Rosa na binamu yangu Ilya. Nawaombea afya na nyumba yenye joto.

Mpwa wako, aliyekuwa akikuamini,
Zina