Noti Tuliyofungia Nyuzi

Deo ndugu yangu,

Naanza na habari za nyumbani, maana hukupenda mtu aanze kwa kulia. Mguu wangu wa kushoto bado unasumbua. Duka la mikate karibu na stesheni ya Granville limefungwa, sasa pale wanauza simu. Binti yako Neema amehamia Merrylands, na mwanawe Keza anaelewa Kiswahili chote ninachomwambia, kisha ananijibu kwa Kiingereza. Mwaka umetimia tangu tukuzike hapa Sydney. Jumamosi iliyopita tumeondoa matanga.

Kuhusu matanga hayo nina jambo la kukueleza, na linaihusu bendi.

Neema alipokuwa akipanga vitu vyako aliikuta ile kaseti tuliyorekodi ujanani kwenye banda nyuma ya gereji, wewe, mimi na Colin wa buchani. Aliifurahia kuliko vitu vyote ulivyoacha. Keza alizaliwa koo lako likiwa limeshafanyiwa upasuaji na sauti imekwisha. Babu anayemjua yeye ni mtu aliyeandika kwenye kibao na kukifuta kwa mkono wa shati. Basi Neema alitaka siku ya matanga mtoto amsikie babu yake akiimba. Akaipeleka kaseti kwa fundi wa sauti, kijana hodari, aisafishe.

Iliposafishwa aliniletea mimi kwanza, tukaisikiliza ndani ya gari lake, mbele ya maduka. Nilisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Kila kitu kilikuwa safi. Besi yako ilifuata mdundo kama mfanyakazi mpya anayeogopa kufukuzwa. Na aliyeimba alikuwa kijana fulani mwenye sauti nyembamba na adabu nyingi, ambaye sijawahi kukutana naye.

Nikasema, "Mwanangu, huyu si baba yako."

Aliuzima wimbo. Kisha akaniambia, kwa Kiingereza, kwamba sauti ni ileile, kaseti ni ileile, na labda mimi ndiye niliyesahau. Sikumlaumu, umri wa kusahau ninao. Halafu akahamia Kiswahili. "Baba Mkubwa, usininyang'anye na hii."

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, Deo, lakini pale sikujua pa kuanzia. Nikaanza na besi.

Nilimwambia kwamba hukujua kupiga. Mimi nilifundishwa gitaa na wamisionari kule Kigoma, noti kwa noti, nikafika Sydney nikidhani bendi ni watu wanaojua. Wewe ulinunua besi kwa sababu ilikuwa na nyuzi chache. Hakuna aliyekueleza kwamba besi hukaa chini na kuwabeba wengine. Ulichojua ni wimbo, basi ukaupiga wimbo wenyewe kwenye besi, na mimi na elimu yangu nikakosa pa kukaa, nikabaki kukwaruza nyuzi pembeni. Colin alipiga dramu amesimama, kwa kuwa hatukuwa na kiti, na matoazi hakuwahi kununua. Ulikuwa wakati wa muziki ule uliokuja baada ya panki, ile roki ya kelele, na mji ulijaa vijana wasiojua kupiga. Wengi wao walichosha, hilo nalo nilimwambia.

Nimesoma mengi kuhusu muziki huo. Waandishi wanasifu hasira yake. Mimi hasira sikuiona, wewe ulikuwa mtu wa kucheka. Nilichokiona ni hiki: mtu aliyefundishwa, akifika mahali pagumu, ana njia aliyoonyeshwa, na mimi naijua kabla hajaishika. Wewe hukuonyeshwa njia yoyote. Ulifika katikati ya wimbo ukakwama, na baa nzima tuliyopigia ikasubiri ione utatokea wapi. Ukatokea na kitu ambacho mimi, kwa vidole vyangu vilivyosoma, nisingekitafuta pale hata kwa mwaka. Na ukiona nimekunja uso ulisema, "Mwalimu, usinisahihishe. Nisindikize."

Kisha nikamweleza habari ya nyuzi. Hatukuwa na kifaa cha kutuni, cha kupimia kama nyuzi zimekaa kwenye noti. Kabla ya kuanza ulifumba mdomo ukaitoa noti ya kwanza ya wimbo wa kanisani aliokuimbia mama yako, nasi tukafunga nyuzi zetu kwa noti hiyo. Kukiwa na baridi ilishuka. Ukiwa na furaha ilipanda. Na siku ya kurekodi ulikuwa na mafua.

Neema aliwasha gari, tukaenda kwa fundi.

Yule kijana hakukasirika. Alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta kwamba bendi nzima ilikuwa imekaa katikati ya noti mbili, mahali ambapo hata piano haina kitufe. Kwa hiyo aliupandisha wimbo wote mpaka noti iliyo karibu, akanyoosha mdundo, akakata kelele za mwanzoni. Alidhani labda kanda ilizunguka polepole.

Nikamwambia, "Kanda ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa Deo."

Akacheka, akaiweka kaseti yenyewe.

Ulianza kwa kupenga kamasi. Kwa nguvu, Deo, kama tarumbeta. Colin akakutukana tusi lake la kila siku. Kisha ukaitoa noti, nzito, yenye mikwaruzo, na nyuzi zetu zikaifuata moja moja mpaka zikaifikia. Ukasema, "Haya, ya leo ndiyo hii."

Neema aliziba mdomo kwa mkono. Kisha alimwambia fundi arudishe kila kitu alichokitoa, pamoja na kamasi.

Siku ya matanga kwaya iliimba sauti zote nne bila kosa, ungewapigia makofi. Halafu ukaja wewe. Ulipopenga pua ukumbi mzima uligeuka, kisha watu wakacheka, hata mchungaji. Keza akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, huyo ni nani. Na Neema, ambaye tangu shule ya msingi mara nyingi hunijibu kwa Kiingereza, akamwambia kwa Kiswahili, "Ni babu. Ana mafua."

Niliporudi nyumbani nilichukua gitaa langu nikazilegeza nyuzi mpaka zikakutana na noti yako. Nina kile kidude cha kutuni kinachobanwa kwenye shingo ya gitaa. Kinawaka taa nyekundu, kwamba nimekosea. Nimekivua nikakiweka kwenye droo. Mwalimu wa kwaya amelalamika kwamba sasa siwezi kupiga na wenzangu kanisani. Nimemwambia wao watumie gitaa lingine.

Gitaa hili halitapandishwa nikiwa hai. Keza akitaka kujifunza, ataanzia hapo ulipotuachia, nami nitakaa pembeni nimsindikize.

Pumzika, Deo. Koo lako limepona.

Ni mimi,
Mwalimu