Uliniuliza Weita Ni Nani

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba lile goti lako limeacha ubishi. Mimi ni mzima wa mwili. Nimenenepa hata vifungo vya shati vinalalamika. Moyo ndio haujatulia.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza weita ni nani, kwa kuwa jirani aliwaambia eti kaniona huku mjini nikifanya kazi ya uweita. Nilikujibu kwa mbwembwe kwamba ndivyo Waingereza wanavyomwita meneja. Unamjua mwanao: hata nikitumwa chumvi, nikirudi nasimulia kama nimetoka vitani. Sasa nakujibu upya.

Neno hilo limetokana na kitenzi chao, wait, yaani kungoja. Weita huwahudumia watu mezani. Anasimama kando ya ukuta, kitambaa mkononi, jicho kwenye kila glasi, na maji yanafika kabla mteja hajainua kidole. Kwa kazi hiyo, bila kujisifu (haya, najisifu), hakuna anayenifikia. Meneja mwenyewe, mama mmoja mkali kama pilipili, amekiri.

Kuna mwalimu mstaafu anayekuja kunywa supu mchana. Juzi aliniambia kwamba Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, zamani sana, na kwamba mwanzoni lilikuwa na maana ya kuangalia na kulinda, kama mlinzi anavyoitazama njia. Nikamtania kwamba basi nidai na mshahara wa mlinzi. Alicheka hadi supu ikampalia. Nami nilicheka, ila nilipofika jikoni kicheko kilinikauka, maana nilikukumbuka wewe, Jumamosi ile.

Dada ameniambia kwamba uliporudi ulimwambia mama hukunikuta. Baba, ulinikuta. Nilikuona ukiingia na koti lako la harusini, ukapangusa viatu mlangoni, ukaulizia ofisi ya meneja, mwanao. Nilikuwa na sahani mikononi na aproni imejaa mchuzi. Nikakimbilia jikoni, nikambembeleza mwenzangu, tunamwita Kijiko, akwambie nimesafiri kikazi. Ukasema huna haraka, utangoja, huenda nikarudi. Ukakaa meza ya dirishani mchana kutwa, na kila mlango ulipofunguka uligeuka. Nami, bingwa wa kuangalia meza, nilikuchungulia kupitia kioo cha mlango wa jikoni. Glasi yako ilipokwisha maji, sikuthubutu kuja kuijaza.

Kijiko alinipa ile tai uliyoiacha. Alisema ulimwagiza ampe meneja, na kwamba umefurahi kuona mahali penyewe ni pasafi. Kisha akaniita jiwe lenye masharubu, nami nikaikunja tai na kuitia mfukoni mwa aproni.

Nisamehe, Baba. Njoo tena Jumamosi yoyote, ukae meza ileile. Nitakuwa nimeivaa tai yako, na aproni juu yake, na nitawatangazia wateja wote, hata mwalimu wa supu, kwamba huyu ndiye baba yangu. Usipokuja sitakulaumu. Nitakuwepo tu kando ya ukuta, jicho mlangoni.

Msalimie mama, umwambie shati alilonishonea bado linanienea, mradi nisipumue.

Mwanao,
Weita